Hamira yako ikaguliwe kabla haijapanda meli

Hunipigia simu watu wa Mwanjelwa, wa Vwawa, mpaka Njombe: "Mama, kontena limeshafika Dar, nianzie wapi?" Mdogo wangu, ulitakiwa uanze miezi mitatu nyuma, ukiwa hapahapa Mbeya na sweta lako.

Mimi naleta hamira kavu ya chengachenga kutoka Uturuki, nawauzia waoka mikate. Naeleza ninavyofanya mimi; bidhaa yako ikiwa nyingine, badilisha panapostahili.

Anzia TBS, Shirika la Viwango. Tangu Julai 2019 usalama wa chakula ulitoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa (siku hizi TMDA, wamebaki na dawa na vifaa tiba) ukahamia huko. Wana ofisi ya kanda Mbeya, huna haja ya kulala kwenye basi. Uliza usajili wa bidhaa, usajili wa ghala, na kama bidhaa yako iko kwenye orodha ya kukaguliwa hukohuko inakotoka. Ikiwa iko, muuzaji asipakie bila cheti cha ukaguzi. Pesa ya awali usitume kabla hujapata majibu hayo.

Halafu lebo. Hapa ndipo nililia. Muuzaji alinitumia picha nzuri ya pakiti yenye Kiingereza, nikaridhika. Kontena linafunguliwa, pakiti zote ni Kituruki kitupu. Mkaguzi akanionyesha herufi TETT kando ya tarehe: "Hii nini, mama?" Sikujua. Kumbe ndiyo "bora kutumika kabla ya" kwa Kituruki. Lebo ya chakula hapa kwetu lazima isomeke kwa Kiswahili au Kiingereza, na mkaguzi hawezi kubahatisha tarehe. Mpaka suala linaisha, gharama za kuhifadhi kontena zilikuwa zimekula faida yote, na wateja wangu walishapata hamira kwa mwingine. Siku hizi sikubali mchoro wa kompyuta. Nataka picha ya pakiti yenyewe, mbele na nyuma, imeshikwa na mkono wa mtu kiwandani: jina la bidhaa, viambato, uzito, mtengenezaji na nchi, tarehe mbili (ya kutengenezwa na ya "bora kutumika kabla ya") na namba ya bechi, yaani ya mkupuo mmoja wa kiwandani.

Namba hiyo ya bechi iwe ileile kwenye cheti cha uchambuzi wa maabara. Ankara, orodha ya ufungashaji na hati ya meli navipanga mezani, nasoma mstari kwa mstari na kalamu nyekundu: katoni ngapi, kilo ngapi, jina langu limeandikwaje. Katoni tano zikipishana, mzigo unasimama.

Pale (zile mbao za kubebea mzigo) watu huzisahau. Mbao iwe na mhuri wenye suke la ngano; herufi HT maana yake imepashwa joto, kiini kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, wadudu wafe. Omba picha yake pia.

Forodha utamtumia wakala mwenye leseni ya TRA. Mtumie nyaraka meli ikiwa bado baharini. Na usipige hesabu ya ushuru kwa bei ya kiwandani: wanachukua bei, bima na nauli ya meli pamoja, kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya hapo na ushuru wenyewe ukiwemo. Chakula pia hupimwa mionzi na Tume ya Nguvu za Atomu. Anayeleta nafaka au mbegu aanze na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, kwa kibali. Wa maziwa ya unga aende upande wa mifugo.

Mzigo ukiachiliwa, usiulaze Dar. Joto la kule ndani ya kontena linaua hamira. Dereva asichanganye na sabuni wala dawa za shamba, hata akisema kuna nafasi. Nakala za nyaraka zikae garini.

Ghalani bonyeza pakiti kwa kidole gumba. Nzima ni ngumu kama tofali. Iliyolegea imeingia hewa. Zilizolegea nazitenga, naandika bechi, nachukua kijiko kimoja naweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari. Dakika kumi bila povu, katoni hiyo haiendi kwa mwoka mikate. Naipiga picha na kumtumia muuzaji siku hiyohiyo.