Ukaguzi wa cheti cha shamba wakati wa mlipuko wa maradhi: mambo ya kuzingatia kabla mkaguzi hajafika

Mwaka 2020 wakulima wa mishiri, yaani maharagwe mabichi yanayouzwa yakiwa na maganda, nchini Kenya waligundua kwamba kila kitu kinaweza kusimama isipokuwa tarehe iliyoandikwa kwenye cheti. Safari za kimataifa za ndege za abiria zilisitishwa Machi 25, na mboga zilizozoea kwenda Ulaya ndani ya tumbo la ndege hizo zikabaki kugombania nafasi chache kwenye ndege za mizigo. Kafyu ikaanza Machi 27. Kuanzia Aprili 6 hadi Julai 7 eneo la jiji la Nairobi lilifungwa, kwa hiyo mkaguzi anayeishi huko hangeweza kuamkia mashamba ya Mwea, nje ya eneo hilo, bila kibali. Cheti cha GLOBALG.A.P., yaani cheti cha kilimo bora ambacho wanunuzi wa Ulaya hukidai, chenye maisha ya miezi 12, hakikuwa na habari na hayo yote.

Wakulima walikasirika kutakiwa kukaguliwa katika hali hiyo, na hasira zao zilikuwa na msingi. Ada ya ukaguzi haiangalii kilo ulizouza. Mkaguzi anayetoka shamba hili kuingia lile ndiye mgeni ambaye mhudumu wa afya wa kijiji anakuambia usimkaribishe. Na sehemu kubwa ya siku yake huishia kwenye kusoma makaratasi ambayo angeweza kuyasoma akiwa kwake. Basi maandalizi yaanzie hapo hapo: tenga yanayohitaji macho ya mkaguzi na yanayohitaji karatasi tu, ili atakapofika awe na kazi ya saa mbili tatu nje, kwenye hewa, badala ya kutwa nzima ndani ya kibanda.

Lakini kabla ya karatasi, angalia kalenda. Ukaguzi wa kuhuisha cheti unaweza kufanywa miezi kadhaa kabla ya tarehe ya kuisha. Vikundi vingi vya wakulima walio chini ya cheti kimoja husubiri mwezi wa mwisho, na mlipuko ukitokea mwezi huo hakuna pa kukimbilia. Shirika linalotoa cheti laweza kukiongezea muda wa hadi miezi 4 kwa taratibu za kawaida, ila nyongeza hiyo haiji yenyewe: huombwa kwa maandishi, kwa sababu inayoeleweka, na kabla cheti hakijaisha. Ukiomba siku moja baada ya kuisha, umeomba kitu kingine kabisa, na mnunuzi ameshaliona jina lako limetoka kwenye orodha ya wenye cheti. Kikundi kiwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni tarehe hiyo, na aanze kupiga simu miezi 4 kabla.

Hakikisha pia cheti ni cha nani. Wakulima wengi wadogo wako chini ya cheti kinachomilikiwa na kampuni inayonunua mazao, kwa sababu ndiyo iliyolipa. Kampuni ikiacha kununua, kama ilivyotokea kwa wengi soko liliposinyaa, mkulima hubaki na rejista safi na choo kizuri lakini hana cheti cha kumwonyesha mnunuzi mwingine. Hili liulizwe mapema, mkiwa bado mnaelewana.

Karatasi zitangulie

Ukaguzi wa mbali, yaani mkaguzi kusoma stakabadhi mtandaoni na kuangalia mengine kwa simu ya video, ulienea sana wakati wa korona. Kinachouharibu ni mambo madogo. Picha ya ukurasa wa rejista iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha hubanwa, na maandishi ya kalamu ya risasi hayasomeki. Itume kama faili. Piga picha mchana, kitabu kikiwa kimelala mezani, ukurasa mmoja mmoja, kisha ziunganishe ziwe PDF moja kwa kila rejista. Zipe majina yanayoeleweka: namba ya mwanachama, aina ya rejista, mwezi na mwaka. Mkaguzi akikuta faili 60 zinazoitwa IMG, atauliza kila kitu upya kwa simu, na bando litakuwa lako.

Kwa video, tembea shambani siku mbili kabla mkiwa mmepiga simu hiyohiyo, mjue mtandao unakatikia wapi. Mara nyingi hukatikia penye jambo kubwa, kwenye stoo ya dawa, kwa kuwa ni chumba cha mabati. Pale uliza mapema kama video iliyorekodiwa bila kukatwa, inayoanzia kwenye bango la shamba hadi ndani ya stoo, itakubaliwa. Weka bando la GB 2 angalau, na pawabenki iliyojaa. Tena, vitambulisho na ujumbe wa M-Pesa wa wafanyakazi visipite ovyo mbele ya kamera. Mkaguzi anahitaji kuona kwamba mtu amelipwa, hana haja ya kujua salio lake.

Rejista ya dawa huangusha wengi. Kila upuliziaji uonyeshe tarehe, zao, sehemu ya shamba, jina la dawa dukani na kiambato chake, mdudu au ugonjwa uliolengwa, kiasi kilichotumika, bomba lililotumika, jina la aliyepuliza, aliyeidhinisha, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Linganisha tarehe hizo na rejista ya mavuno kabla mkaguzi hajafanya hivyo. Wakati wa karantini afisa wa shambani hupunguza ziara, dawa iliyozoeleka hukosekana kwenye agroveti, na mkulima huchukua iliyopo. Hapo ndipo huingia dawa isiyosajiliwa kwa zao hilo. Kenya inaijua gharama yake: baada ya mabaki ya dimethoeti, dawa ya wadudu, kukutwa kwenye mishiri na njegere, Umoja wa Ulaya uliamuru kuanzia Januari 2013 asilimia 10 ya shehena zipimwe zinapoingia. Dawa ikibadilishwa, idhini iandikwe hata kama imetolewa kwa simu, pamoja na jina la aliyeitoa na siku yenyewe.

Kiasi kisikadiriwe kwa kifuniko. Pima eneo la mita 10 kwa 10, jaza bomba maji matupu hadi alama, puliza kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyopungua. Yakiwa lita 4, ekari moja itakunywa takriban lita 162, yaani mabomba 8 ya lita 20. Lebo ikisema mililita 200 kwa ekari, kila bomba lipate 25. Zoezi hili liandikwe na kuwekwa tarehe. Nozeli ikitoa zaidi ya asilimia 10 kuliko mpya ya aina hiyo, itupwe. Hesabu zote zilizofanywa nayo ni za uongo.

Kwa kikundi, kumbukeni kwamba mkaguzi wa nje hatembelei wote. Huchukua kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama: kikundi cha watu 100 hukaguliwa mashamba 10, cha watu 30 mashamba 6. Kabla ya hapo, mkaguzi wa ndani awe amepita kwa kila mmoja angalau mara moja katika mwaka, wala asijikague mwenyewe. Mlipuko ukizuia safari, hii kazi ya ndani ndiyo hulala kwanza, kisha hujazwa kwa pamoja usiku mmoja na kalamu moja. Mkaguzi mwenye uzoefu huitambua kabla ya kufungua ukurasa wa tatu.

Vitakasa na mabaki yake

Hapa ndipo maradhi yenyewe huzaa kosa jipya. Watu waliambiwa wanawe na kupaka vitakasa kila wakati, wakafanya hivyo hadi kwenye meza ya kuchambulia mishiri. Vitakasa visivyo na alkoholi mara nyingi huwa na benzalkoni kloraidi, ambayo lebo nyingi huifupisha kuwa BAC au BKC. Dawa nyingi za kusafishia meza na sakafu zina ndugu yake, DDAC. Umoja wa Ulaya huzihesabu zote mbili kama mabaki ya dawa kwenye chakula, na imeziwekea kikomo kidogo sana. Mchambuaji aliyepaka mikono na kushika mishiri kabla haijakauka, au meza iliyopanguswa bila kusuuzwa, inaweza kuifikisha shehena juu ya kikomo hicho bila mtu kupulizia chochote shambani. Maabara itaandika tu kwamba mabaki yamezidi, na lawama itamrudia mkulima.

Kwa hiyo sabuni na maji yanayotiririka vibaki kuwa njia ya kwanza kwa wanaoshika mazao, mikono ikaushwe kwa karatasi, na kitakasa kikiwepo kiwe cha alkoholi ya asilimia 60 au zaidi, kiwekwe langoni kwa ajili ya wageni. Soma lebo kabla ya kupokea msaada wa madumu ya bure. Kisicho na lebo kisiingie kibandani hata kama kimetoka kwa mheshimiwa.

Klorini nayo ina masharti yake. Kwa vitasa vya milango, choo na sakafu, jiki yenye klorini ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, na kupata mchanganyiko wa asilimia 0.5. Uchanganywe kila siku. Jiki iliyokaa sana au kuachwa juani hupungua nguvu na kujenga kloreti, ambayo nayo Umoja wa Ulaya umeiwekea vikomo kwenye vyakula tangu Juni 2020. Meza na kreti zikisafishwa kwa klorini zisuuzwe kwa maji ya kunywa, na usuuzaji huo uandikwe kwenye ratiba ya usafi. Usipoandikwa, mkaguzi hana namna ya kujua ulifanyika.

Mlipuko ukiwa wa kipindupindu, macho yote huhamia kwenye maji na vyoo, na ni haki yake. Maji yanayogusa mazao baada ya kuvunwa, pamoja na ya kunawia, yawe salama kwa kunywa, na cheti cha kupimwa kwake kiwe cha karibuni. Mwenye kuhara au kutapika asiguse mazao, na ijulikane wazi nani anamwambia aende nyumbani na nani anamruhusu kurudi. Kama kukaa nyumbani ni kukosa ujira, atakuja akiwa mgonjwa na kunyamaza; kamati ilimalize hilo kwanza kabla ya kubandika tangazo ukutani.

Barakoa si kinga ya dawa

Barakoa ya kitambaa au ya bluu ya hospitali haizuii mvuke wa dawa ya wadudu. Mwaka wa korona walionekana wapuliziaji wakiwa nazo, wakiamini wamejikinga mara mbili. Kinachotakiwa ni kile lebo ya dawa inachotaja: mara nyingi kinyago chenye vichujio, miwani, glavu za mpira zisizopitisha dawa, ovaroli na gambuti. Vifaa hivyo vitundikwe nje ya stoo ya dawa, kwa sababu kichujio kinachokaa humo hunyonya mvuke usiku kucha na kuchoka kabla hakijavaliwa.

Angalia pia tarehe za mafunzo. Aliyesomea huduma ya kwanza awe amefanya hivyo ndani ya miaka 5 iliyopita, na madarasa hufungwa wakati wa mlipuko. Kama mafunzo ya mtu wenu yanatimiza miaka hiyo mwaka huu, yahuishwe sasa.

Sampuli ya kupima mabaki ya dawa nayo isiachwe mwisho. Maabara iwe na ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, kwa kipimo hicho hasa. Mishiri hutakiwa kilo 1 angalau, isiyooshwa, iliyochukuliwa sehemu mbalimbali za shamba, kwenye mfuko safi, ndani ya boksi la baridi. Barabara zikifungwa, sampuli hukaa njiani na kuoza. Muulize msafirishaji kwanza, ndipo uvune.

Siku yenyewe

Andika masharti ya ziara na kuyatuma mapema: barakoa, kunawa langoni, nafasi ya mita 1.5, mazungumzo chini ya mti, na mtu mmoja wa kumwongoza mkaguzi badala ya ukoo mzima. Mzee mwenye shamba si lazima akae karibu. Mwanawe anayejua rejista anaweza kujibu, mradi jina lake liwe kwenye orodha ya wahusika. Shirika lieleze kwa maandishi ziara itachukua saa ngapi, itagharimu nini, na nani analipa ikiwa serikali itafunga barabara asubuhi hiyo. Msisahau ukaguzi wa ghafla: taarifa yake haizidi saa 48, na kuukataa bila sababu nzito kwaweza kusimamisha cheti. Uthibitisho kwamba kijiji kimewekwa karantini ni sababu nzito, kwa hiyo tafuteni barua ya chifu au ya afisa wa afya siku hiyohiyo.

Ili cheti kitoke, masharti makuu yote yawe yametimizwa, na madogo yasipungue asilimia 95. Kwa wanaohuisha, dosari hurekebishwa ndani ya siku 28, na ushahidi wa picha hutosha kwa mengi, kama kufuli jipya, rafu au bango. Kama dosari imetokana na marufuku ya serikali, si uzembe, usiifunge kwa kukubali kosa. Kila shirika la vyeti linatakiwa kuwa na utaratibu wa malalamiko na rufaa. Barua ya kikundi itaje namba ya kipengele, tarehe, amri iliyokuwepo na mlichofanya badala yake, iambatane na nakala ya barua ya chifu, na itumwe ndani ya hizo siku 28 pamoja na ombi la kujibiwa kwa maandishi.