Jinsi ya kupima kama soko la utabiri lilipatia uchaguzi

Jana nimekaa na mdogo wangu mpaka saa saba usiku, anaandika ripoti ya chuo kuhusu Polymarket (soko la mtandaoni ambako watu wanaweka pesa kwenye matokeo wanayoyatabiri) na uchaguzi wa Marekani wa 2024, akanionyesha kapata soko lilipatia karibu asilimia 100. Nikajua hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Tulivyorekebisha ni hivi.

Hatua ya 1. Pakua faili la bei za Polymarket. Senti 60 (kwenye faili ni 0.60) maana yake soko linampa huyo mtu asilimia 60, basi.

Hatua ya 2. Hapa ndo penye kazi. Usichukue bei ya mwisho! Dogo alichukua mstari wa mwisho wa faili, 0.99, na muda huo kura zilishahesabiwa, yale ni matokeo siyo utabiri. Chukua bei ya kabla vituo vya kwanza vya kura havijafungwa. Kule Indiana na Kentucky, sehemu zinazofuata saa za mashariki mwa Marekani, vilifungwa saa kumi na mbili jioni tarehe 5 Novemba, kwetu ilikuwa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 6, ila kwenye faili utakuta 23:00 ya tarehe 5 maana wanatumia UTC (saa ya kimataifa) na sisi tumewatangulia masaa matatu, ukichanganya hapo umeingiza kura zilizohesabiwa bila kujua. Ukikuta safu ya muda ni manamba marefu tu, hizo ni sekunde tangu 1970, andika =A2/86400+25569 alafu ibadilishe iwe tarehe na saa. Mimi nachukua bei ya siku moja kabla, ya wiki na ya mwezi, kila moja na safu yake, maana soko la mwezi mmoja kabla ndo linalokuonyesha kama kweli linajua kitu.

Hatua ya 3. Matokeo ni 1 akishinda, 0 akishindwa. Chukua matokeo utoe bei, alafu zidisha jibu kwa lenyewe. Hiyo ni alama ya Brier, ikiwa ndogo ndo nzuri. Tuseme Trump alikuwa 0.60 na akashinda, inatoka 0.16. Anayebahatisha nusu kwa nusu anapata 0.25. Excel inatosha kabisa, Python ya nini hapa.

Hatua ya 4. Uchaguzi mmoja hautoshi. Brexit ya Juni 2016, ile kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, masoko yalikupa kubaki zaidi ya asilimia 75, wakachagua kutoka. Ukiweka 0.80 unapata 0.64, mbaya kuliko kubahatisha. Mwaka huohuo Hillary Clinton, aliyegombea urais na Trump, naye alipewa nafasi kubwa akashindwa. Na yale majimbo saba ya ushindani ya 2024 usiyahesabu kama mitihani saba, yote yalienda kwa Trump, yanapanda na kushuka pamoja.

Dogo kafuta ukurasa wa kwanza wote, sasa hivi anakusanya bei za uchaguzi wa Seneti ya Marekani wa 2022, ambako masoko yaliwapendelea Republican na Democrat wakabaki nayo.