Anza na mtoto wa ukutani: ninavyopanga darasa la awali

Mwalimu mwenzangu, mwongozo wa nchi yetu unataka darasa la awali liwe na watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Mimi nimefundisha watoto 78 katika chumba kimoja mkoani Shinyanga, peke yangu, kwa hiyo sitakuambia jambo linalotaka chumba kikubwa wala fedha nyingi. Nitakuomba kitu kimoja tu: kabla hujapanga chochote, mjue mtoto anayekaa ukutani kimya, halafu upange darasa kwa ajili yake. Wale machachari watajifunza popote utakapowaweka.

Hatua ya 1: Wiki ya kwanza, chunguza

Usikimbilie herufi. Waache wacheze, wewe uzunguke na daftari. Simama hatua tatu nyuma ya mtoto, asiuone mdomo wako, umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, rudia kesho yake. Asipogeuka tena, mwite mzazi mzungumze kwa upole, ampeleke kituo cha afya. Wakati mwingine ni usaha au nta iliyoziba sikio, mambo yanayotibika, na kumbe mtoto ameshaitwa mkaidi nyumbani na shuleni.

Macho nayo yaangalie. Niliwahi kuwa na mtoto mwenye ualbino. Nikamketisha mbele kabisa, karibu na dirisha, nikiamini nimemsaidia. Kila nikionyesha picha ubaoni yeye alikuwa ameinama, amekunja uso. Wiki ya tatu nikachuchumaa pale pale alipokuwa akikaa, nikatazama ubao. Mwanga wa dirisha ulinipiga machoni, ubao ukawa unameta, sikuona picha hata moja. Nikamhamishia upande wa pili, mbele vilevile, dirisha likiwa mgongoni kwake, nikamruhusu kushika picha na kuisogeza hadi puani akitaka. Siku chache baadaye alinyoosha kidole: "Mwalimu, yule bata!" Kosa lilikuwa langu, si lake. Tangu hapo, kila mwanzo wa muhula nachuchumaa katika kila pembe ya chumba, kwa kimo cha mtoto, nitazame anachokiona yeye. Nje, mtoto huyo acheze kivulini na kofia yenye ukingo mpana, na wenzake wacheze naye huko kivulini. Usimwache akae peke yake kuwatazama.

Hatua ya 2: Gawa chumba kwa kona

Kona nne au tano zinatosha: ya lugha, ya hesabu, ya nyumbani, ya ujenzi, na ya sanaa. Tenganisha kwa mkeka au boksi. Acha njia pana kati ya kona na kona, ili mtoto mwenye kiti cha magurudumu au anayetambaa apite bila kuomba. Picha zitundike usawa wa macho ya watoto. Nyingi nilizozikuta zilining'inia karibu na dari, zikipendeza machoni pa wageni tu.

Kwa wengi kama wangu, wagawe vikundi kwa rangi, kila mtoto na kitambaa chake mkononi. Changanya: anayetembea kwa shida na anayekimbia, msemaji na mnyamavu. Badilisha kona kila baada ya dakika 20 hivi. Na kengele yako iwe ya kusikika na kuonekana: piga ngoma huku umeinua mkono juu, asiyesikia aone.

Hatua ya 3: Zana ziokote

Vizibo vya soda, vifuu, magunzi ya mahindi, maboksi, vijiti. Udongo wa kichuguu haushindwi na kitu kwa kufinyanga: utwange, uchekeche, uloweke usiku kucha, ukande mpaka uache kushika vidole. Ufunge kwa kitambaa kibichi ndani ya ndoo, unakaa siku kadhaa bila kukauka. Mtoto ambaye vidole vyake bado havishiki penseli atafinyanga "a" kwanza, ataipapasa, ndipo aiandike. Asiyeona vizuri naye ataisoma kwa vidole.

Tahadhari moja: maharage na mbegu ndogo huingizwa puani na masikioni. Kwa wadogo tumia vitu vikubwa, na vihesabu unapovirudisha.

Hatua ya 4: Lugha ya nyumbani iingie darasani

Watoto wangu wengi walikuja wakijua Kisukuma tu. Mtoto akikaripiwa kwa lugha ya mama yake siku ya kwanza, ataziba mdomo mwaka mzima. Asubuhi tukae duara mkekani, niwasalimu "Mwangaluka," waitikie kwa furaha, kisha "Hamjambo?" Nikionyesha kibuyu, nauliza nyumbani mnakiitaje, halafu tunasema wote kwa Kiswahili. Kama hujui lugha ya pale, watoto wenyewe watakufundisha, na watajivuna kweli kukufundisha.

Katika duara tumia kitu cha kupokezana, sisi tunatumia kifuu. Mwenye kifuu ndiye anayesema. Asiyetaka kusema anatikisa kichwa au anaonyesha picha, anampa wa pili. Usimsukume. Mmoja alipitisha kifuu muhula mzima, na siku aliposema alisema jina la mbuzi wao.

Hatua ya 5: Ijumaa, fungua daftari

Wakishaondoka, soma majina yote. Weka alama kwa kila uliyemsikia sauti yake wiki hiyo. Wale wasio na alama, waandike kwenye karatasi ndogo uibandike mlangoni kwa ndani. Jumatatu, hao ndio wa kwanza kuchagua kona.