Jinsi ya kujua kama mvua itakunyeshea mahindi kwa turubai

Wenye mnaanika mahindi huku Kisumu na Vihiga, kitu ya kwanza ni kutenganisha dalili za leo na dalili za msimu, juu watu wengi wanachanganya hizo mbili alafu wanasema wazee walidanganya.

Tuanze na za leo. Usiangalie ziwa, geuka uangalie milima ya Nandi. Kuanzia saa sita saa saba hivi ukiona mawingu meupe yanapanda tu kwenda juu kama koliflawa na chini yake kunaanza kuwa kweusi, hapo tafuta gunia. Mchana nchi kavu inashika moto haraka kuliko maji, so upepo unatoka ziwani unapanda mpaka huko milimani unakutana na ule wa mashariki, mawingu yanarundikana, jioni yanatuteremkia. Na ukiwa hapo unachambua mahindi usikie upepo umegeuka ghafla, sasa unatoka mlimani, baridi, unanukia udongo, usibishane nao, mahali karibu ishanyesha tayari. Kunja turubai pembe kwa pembe na uite watoto.

Sisimizi wakipandisha mayai ukutani ni dalili watu wanaiheshimu sana, mimi naichukua kama ya kuongezea tu. Mwezi ukiwa na duara ni mawingu membamba ya barafu huko juu, si lazima kunyeshe. Kumbikumbi nao hutoka mvua ikishanyesha, hao wewe kaanga.

Za msimu ni mambo ingine kabisa. Mti wa mtembe ukichanua yale maua mekundu wakati wa kiangazi, tayarisha shamba lakini usipande. Kuna pia yule ndege wa sauti tatu zinashuka, unamsikia tu humwoni, akianza kuita asubuhi mpaka jioni mvua ya Machi iko njiani. Ukoo wa Nganyi kule Bunyore wanasoma hizi vitu tangu zamani, miti, wadudu, upepo, na siku hizi wanakaa chini na watu wa idara ya hali ya hewa kabla ya msimu wanalinganisha utabiri, so msiite ushamba.

Hata dalili zote zikikubaliana, mvua ya kwanza ikipita chimba kidogo na jembe, ukikuta vumbi bado hapo chini, mbegu ingoje.