Kununua mashine ya korosho kwa murabaha: kagua haya kabla ya kusaini

Mkulima wa Newala au Tandahimba anayetaka mashine ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, kwa murabaha (mauzo ya Kiislamu ambapo benki hununua kitu kisha hukuuzia kwa bei yenye faida inayotajwa wazi) aanze na leseni. Benki iwe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Leseni ya Kenya au Uganda haivuki mpaka, maana Jumuiya ya Afrika Mashariki haina msimamizi mmoja wa mabenki: Kenya ina benki za Kiislamu tangu 2008, Uganda iliziruhusu kwa marekebisho ya sheria ya 2016. Uliza pia nani wamo kwenye bodi ya sharia ya benki hiyo, yaani wanazuoni wanaokagua kama mikataba yake inafuata sheria ya Kiislamu.

Sasa mpangilio, na hapa ndipo wengi huharibu. Chukua ankara ya bei dukani, usilipe hata arubuni. Benki inunue mashine kwanza, iimiliki, ndipo ikuuzie. Ukishainunua mwenyewe, benki haina cha kukuuzia. Na fedha taslimu zikiingia kwenye akaunti yako uzitumie utakavyo, huo ni mkopo tu uliopewa jina zuri. Ukiteuliwa wakala wa kununua kwa niaba ya benki, hati ya kupokea mzigo itangulie mkataba wa mauzo. Angalia tarehe zake!

Bei: tuseme duka linauza 1,000,000 na faida ni 150,000. Mkataba uandike 1,150,000, isiyopanda hata ukichelewa. Tozo ya kuchelewa, kama ipo, iende sadaka.

Omba marejesho yaangukie Novemba hadi Januari, fedha za minada ya korosho zinapoingia. Rejesho la Juni humkuta mkulima akitafuta fedha ya salfa.