Sebule ya krimu isipooze: namna ya kuipa uhai bila kuongeza rangi hata moja

Juzi nilikuwa namsaidia dada mmoja Kigamboni, sebule yake ndo ile ya nyumba nyingi za sa hivi: tailizi nyeupe zinazong'aa, ukuta krimu, dari ya jipsamu, makochi ya beji na pazia beji. Kitu kimoja kimoja ni kizuri, ila ukikaa kidogo macho hayana pa kutua. Alitaka apake ukuta mmoja kijani. Nikamwambia dada subiri kwanza, shida sio rangi, shida kila kitu humu ni laini vilevile, hakuna kinachotupa kivuli. Tulivyofanya ni hivi.

1. Piga picha, toa rangi

Simama mlangoni mchana, piga picha sebule nzima, kisha uibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Kochi, zulia na ukuta vikishikana mpaka hujui kipi kinaishia wapi, hapo ndo pa kufanyia kazi. Usinunue kitu kabla ya hii picha.

2. Chini

Juu ya tailizi tandika kitu cha kukwaruza. Mimi ni mtu wa mkonge na ukindu, yale mazulia ya manyoya marefu siyapendi kabisa kwa huku Pwani, yanabeba mchanga na joto lenyewe ndo hili. Chukua mkeka wa ukindu usiotiwa rangi, ule unaoona kabisa shupatu (ukanda uliosukwa) moja limeshonwa wapi na jingine, ile mistari peke yake inatosha kuvunja weupe wa tailizi. Chini yake weka wavu wa mpira usiteleze.

3. Ukuta mmoja wa chokaa (hapa soma yote)

Nyumba za mawe za zamani kule Lamu ndani ni nyeupe tupu, lakini zina zidaka, vishubaka vilivyochongwa kwenye plasta ya chokaa safu kwa safu, nyeupe juu ya nyeupe, na huchoki kuziangalia maana kila kishubaka kina kivuli chake. Ndo tunachotafuta, japo kwa njia rahisi zaidi: ukuta mmoja tu tunaupiga plasta ya chokaa.

Kwanza chagua ukuta. Usichukue unaotazamana na dirisha, mwanga ukiupiga usoni kila kitu kinalala bapa, chukua ulio ubavuni mwa dirisha. Kama huna uhakika subiri usiku, zima taa, bana simu ukutani umulike tochi sambamba na ukuta, utaona kila kijibonde. Mwanga wa mchana ukiingia kwa mlalo huo ndo ukuta wako.

Pili, angalia unyevu. Ukuta ukiwa unatoa unga mweupe wa chumvi au rangi inabanduka kwa chini, acha kila kitu utafute maji yanatoka wapi, ukipiga juu yake itabanduka tu.

Tatu, rangi ya zamani. Chokaa haishiki kwenye rangi ya mafuta, haishiki kabisa, na kwenye rangi ya maji pia usiiamini, kwaruza mpaka plasta ionekane, halafu igongegonge kwa ncha ya nyundo chokaa ipate pa kushika. Fundi atakwambia haina haja, simamia.

Nne, mchanganyiko. Chokaa ya mfuko iloweke kwenye ndoo siku kadhaa iwe kama mtindi mzito. Kipimo cha kawaida ni ndoo 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga uliochekechwa, mkono (tabaka) wa mwisho mchanga unapunguza kidogo. Mchanga wa bahari hapana, una chumvi. Vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza ngozi na jicho halina mchezo.

Tano, lowesha ukuta vizuri kabla, piga mikono myembamba, na usiharakishe kukauka. Chokaa inakomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa taratibu, ukifungua madirisha na feni ikawa inapuliza, itapasuka nyufa kama udongo wa bondeni. Rushia maji kidogo asubuhi na jioni siku za mwanzo. Mkono wa mwisho usiusugue uwe kioo, acha alama za mwiko, na usitishike na rangi ya siku ya kwanza, ikikauka inakuwa nyeupe zaidi.

Nyumba ni ya kupanga? Basi usiguse ukuta, tundika nyungo kubwa za ukubwa tofauti au mkeka mzima mpaka karibu na dari.

4. Vitambaa

Pazia za merikani. Bei rahisi, una ile rangi yake ya pamba ghafi na vinundu vidogo vya uzi. Ufue kabla ya kushona, unarudi. Satini inayoteleza toa yote.

5. Mbao na udongo

Chungu kisichopakwa kitu, kigoda cha mninga, kikapu cha Iringa cha milulu. Vitatu vinatosha.

6. Taa

Zile taa ndogo za kwenye jipsamu zinamwaga mwanga moja kwa moja chini, kivuli cha ukuta kinapotea. Weka taa moja sakafuni karibu kabisa na ukuta wa chokaa ikimulika juu, balbu ya njano ya 2700K, nyeupe ya bluu itakuharibia krimu yote. Pasi na hii usiku hutaona kazi uliyofanya.

7. Wakati wa masika

Ukindu na mkonge vinaota ukungu vikikaa kwenye unyevu. Nyanyua mkeka mara kwa mara, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, anika kivulini penye upepo, jua kali linaukausha mpaka unavunjika. Zulia la mkonge usilimwagie maji, likiingia doa la chai kausha hapohapo kwa kulikandamiza, usisugue.