Riwaya yako ya kwanza: namna ya kuomba ISBN Tanzania

Muswada umekwisha, mhariri ameupitia, na umeamua kujichapishia. Kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, omba ISBN, ile namba ya tarakimu 13 ya kukitambulisha kitabu, inayokaa nyuma ya jalada. (Kama kuna kampuni ya uchapishaji iliyoichukua kazi yako, waachie wao.)

Kwanza jina la kitabu litulie. Namba husajiliwa pamoja na jina, na sisi watunzi wa riwaya tuna ugonjwa wa kubadili jina hadi usiku wa kuamkia uchapaji. Kama unatumia jina la kalamu, liandike vilevile kila mahali.

Kisha nenda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, pale Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Uwe na jina la kitabu, la mwandishi, la mchapishaji, idadi ya kurasa na aina ya jalada.

Kwenye "mchapishaji" ndipo wengi tunapoteleza. Mwenye mashine ni mpiga chapa tu; mchapishaji ni anayelitoa toleo kwa gharama yake, yaani wewe. Kitabu changu cha kwanza nilipewa namba "ya bure" na mpiga chapa mmoja. Kumbe tarakimu zile zilimtambulisha yeye kuwa mchapishaji, na wauza vitabu wakawa wanampigia yeye kuagiza. Nakala zilikuwa zimeshatoka, nilibaki kuzitazama.

Ukipewa namba, ihakiki. Itaanza na 978, ifuatwe na tarakimu za nchi, kwa mfano 9976 au 9987. Chukua tarakimu ya 1, ya 3, ya 5 na kuendelea kama zilivyo. Ya 2, ya 4, ya 6 na kuendelea zizidishe kwa 3. Jumlisha zote. Jibu lisipoishia na 0, kuna tarakimu imekosewa.

Toleo la kielektroniki lina namba yake, na la jalada gumu lina yake. Kurudia kuchapa bila mabadiliko hakuhitaji namba mpya. Na ISBN hailindi hakimiliki. Hiyo ni safari nyingine, COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania.

Kitabu kikitoka, sheria inakutaka upeleke nakala Bodi. Ulizia idadi siku hiyohiyo unapoomba namba, uziingize kwenye hesabu kabla hujamlipa mpiga chapa.